Barua ya wazi kwa shangazi yangu, mfunga batiki

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Arimatsu, pembezoni mwa jiji la Nagoya nchini Japani, ambako huu ni mwezi wa tatu najifunza kufunga vitambaa kwa bibi mmoja aliyeanza kazi hiyo tangu utotoni. Nimeiweka barua hii hadharani kwa kuwa ombi langu kwako linawahusu pia akina mama wengine wanaofunga batiki.

Kazi hii ya kufunga vitambaa wenyewe huiita shibori. Kitambaa hukunjwa, hushonwa au hufungwa uzi ili rangi isipenye pasipotakiwa, kama ulivyokuwa ukifanya uani kwako. Arimatsu ilianzishwa mwaka 1608 kando ya Tokaido, njia kuu iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Anayekumbukwa kuwa mwanzilishi wa ufundi huu hapa ni Takeda Shokuro, na wateja wa mwanzo walikuwa wasafiri walionunua vitambaa vya pamba vya kujifutia vilivyotiwa nili. Namna za kufunga zilizobuniwa hapa zinakaribia 100. Kwa desturi kila nyumba ilishika namna yake, mama akamrithisha binti, na kitambaa kimoja kikazunguka kwa mchora nakshi, mfungaji, mtia rangi na mfungua nyuzi kabla ya kufika dukani.

Mwalimu wangu hufunga kumo, yaani buibui. Hukaa mbele ya kigingi chenye ndoano, akatundika kitambaa kwenye ncha yake, akakikusanya kwa vidole mpaka mikunjo ikalingana kama ya mwavuli uliofungwa, kisha akauzungusha uzi kutoka shinani kuelekea nchani bila kuulegeza hata mara moja. Mimi niliulegeza. Nilipofungua kipande changu cha kwanza, nili ilikuwa imeingia kila mahali, na pale palipotakiwa utando wa buibui palikuwa na wingu la bluu. Mwalimu hakunilaumu, aliushika mkono wangu, akauvuta uzi pamoja nami, nikaujua mkazo unaotakiwa, jambo ambalo maelezo yake ya wiki nzima hayakuweza kunipa.

Nili ya asili ya huku haitokani na mnili unaoufahamu, bali na mmea mwingine ambao majani yake makavu hulowanishwa na kugeuzwageuzwa kwa miezi mitatu hivi, kisha huchachushwa pipani pamoja na maji ya majivu na pumba za ngano. Kitambaa hutoka pipani kikiwa na rangi ya kijani, na kikishapigwa na hewa hugeuka bluu mbele ya macho yako. Ningetamani ungekuwepo uone.

Sasa nifike kwenye ombi. Nilimpelekea mwalimu ile batiki uliyonipa siku ya kuagana. Aliigeuza upande wa nyuma, akaifuata miviringo yake kwa ukucha, kisha akaniuliza: huyu aliyefunga alianzia wapi, na uzi aliuzungusha mara ngapi? Sikuwa na jibu. Nimekua nikiziona batiki zako zikiwa zimeshafunguliwa, zimeanikwa kambani, na sikuwahi kukaa karibu nawe wakati unafunga. Nilifedheheka, Shangazi, na fedheha hiyo haijanitoka.

Najua magoti yanakusumbua, na najua vitambaa vya kiwandani vilivyochapwa mfano wa batiki vimekupunguzia wateja. Hata hivyo nakuomba unifungie kipande kimoja cha marekani kwa ule mfungo wa miviringo, usikitie rangi wala usikate nyuzi. Kaka akija mwezi ujao mpe anibebee kama kilivyo, mafundo yakiwa bado yamekaza. Mwalimu ameshanitengea nafasi kando ya kigingi chake ili tukifungue pamoja, uzi baada ya uzi, huku nikiandika.

Mtoto wa kaka yako