Salamu za Krismasi 2024: Krismasi ya Kwanza Bila Mama

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki.

Kwa niaba ya familia yetu ya Kamachumu, mkoani Kagera, na kwa niaba ya wote waliolelewa katika nyumba ya Mama, wa kuzaliwa na wa kuletwa, nawatakia heri ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu na mwaka mpya 2025 wenye afya, amani na baraka tele. Mlio Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam, mlio Kampala, mlio ng'ambo, popote salamu hizi zitakapowakuta, Mungu awatunze. Wagonjwa wapate nafuu, wenye safari wafike salama, waliofiwa wafarijiwe.

Miaka yote salamu hizi zilikuwa za Mama. Yeye alitamka, mimi nikaandika, na nikiruka jina la mtu alinirudisha nyuma. Mungu alimwita mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, akiwa na miaka 86. Kwa hiyo mwaka huu naandika bila wa kunirudisha nyuma, na kama nimemsahau mtu, waitu, anisamehe.

Mwaka wenyewe umekuwa mzito. Tuliuanza na mvua za El Niño, barabara zikakatika, na sukari ikafika shilingi 4,000 kwa kilo na kupita, katika mkoa huu huu wenye mashamba ya miwa pale Missenyi. Nauli ya basi kutoka Dar mnaijua wenyewe. Wapo waliotuandikia kwamba safari hii watabaki mjini, na hatuwalaumu. Bei ya kahawa imepanda minadani, tunashukuru, lakini waliouza butura, yaani kuuza mavuno kahawa ikiwa bado maua, wameitazama bei hiyo ikipita mlangoni kwao kwenda kwa tajiri. Wengi wao ni wajane waliokuwa wakitafuta sare za shule. Mama aliichukia butura maisha yake yote. Alisema ni heri mtoto aende shule na kaptula yenye kiraka kuliko mama yake auze mavuno ambayo Mungu hajayatoa.

Wengi mnaosoma hapa mlikula kwenye sinia zake, kwa hiyo mambo mengi nayapita. Lakini vijana waliozaliwa baadaye wananiuliza nyumba ile ilijaaje watu, nami nataka wasikie.

Watoto wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia kaskazini mwa Mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbilia kusini na magodoro kichwani. Wawili walifika kwetu na bibi yao, bibi akafariki kabla vita haijaisha, watoto wakabaki. Baba, ambaye alikuwa mwinjilisti, alidhani ni wa kupita. Hawakupita.

Halafu ukaja mwaka 1983. Hospitali ya Ndolage, mwendo wa mguu kutoka nyumbani, ilipokea wagonjwa watatu ambao leo wanatajwa kuwa wa kwanza kugundulika na UKIMWI Tanzania. Sisi hatukuwa na jina hilo. Watu walisema Juliana, kwa nguo zile za magendo kutoka Uganda, wengine Silimu, wengine walisema tu kwamba fulani amelogwa na mwenzake wa biashara. Ndipo ikaja miaka ambayo Jumamosi bila mazishi ilikuwa jambo la kushangaza. Migomba ikaota magugu kwenye vibanja, mashamba ya nyumbani, visivyo na mtu. Mliokuwepo mnajua. Siongezi.

Matanga yakiisha, ukoo unakaa na kugawana watoto: huyu kwa shangazi, huyu kwa baba mdogo, huyu mkubwa apelekwe Mwanza akasaidie kazi. Mama alikuwa anahudhuria mikutano hiyo kama mtu wa usharika tu, na desturi haikumpa nafasi ya kusema. Alisema. Alisimama na kuuliza kwa nini watoto waliomzika mama yao juzi wanatenganishwa leo, na asipopata jibu, aliondoka nao wote. Mara moja waliletwa wanne kwa mpigo, wa mwisho akiwa hajaanza kutembea. Sisi wa tumbo lake tulikuwa watano. Waliokuja, kwa vipindi mbalimbali, walifika kumi na tisa.

Alikuwa mlokole, na ulokole wake aliuishi kabla ya kuutamka. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshapiga magoti, anataja watoto mmoja mmoja mbele za Mungu kwa sauti ya kawaida, na sisi chumba cha pili tumelala macho tukisikiliza kama majina yetu yameshapita. Mwenye homa alitajwa mara mbili. Aliyeiba sukari naye alitajwa mara mbili.

Krismasi alinunua jora moja la kitambaa. Fundi cherehani alishona mashati na magauni ya rangi ileile kwa wote, na tulipoingia kanisani mgeni asingeweza kutenga wa kuzaa na wa kulea. Senene zikianguka, tulikaa sote chini kuzinyonyoa, na sahani zikagawanywa sawasawa. Kwangu, hili ndilo lilikuwa kubwa kuliko mahubiri yote niliyosikia utotoni.

Na bado hakumfuta mtoto yeyote ukoo wake. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wenye moyo mwema wanapotea hapa. Kila mtoto alibaki na jina la baba yake na mwiko wa ukoo wake. Kabla ya sikukuu, Mama alifuatana na kila kundi hadi kibanja cha wazazi wao, na jembe begani, wakapalilia makaburi na kukata majani makavu ya migomba, makusudi majirani na wajomba waone kwamba mwenye shamba yupo, ni mdogo tu. Vibanja vingapi vya yatima vililiwa miaka ile! Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza, katika kesi ya Bi Holaria Pastory, ilipotamka kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume, Mama alipata habari kwa mchungaji. Aliwaita wasichana wote sebuleni, akawaambia, kisha akasema tuimbe. Hao wasichana, waliokuwa na cha kurithi, wana mashamba yao hadi leo.

Hatukupona wote. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wawili kati yetu tulikuwa tumeshawazika, wadogo, waliozaliwa na ugonjwa. Wa tatu dawa zilimkuta hai, na leo ana watoto wake, waliomwita Mama bibi.

Yupo mmoja ambaye sijawahi kumwandikia neno. Alikuja kwetu na miaka sita, tukalala mkeka mmoja, tukavaa shati la jora moja. Mei 1996 alipanda MV Bukoba kwenda Mwanza kutafuta shule. Tarehe 21 asubuhi meli ilizama karibu kabisa na kufika. Mamia walikufa, na wengi tunawajua kwa majina. Wengine walizikwa pale Igoma, Mwanza, yeye hakuonekana. Siku ya pili ya msiba mzee mmoja alimwuliza Mama, kwa upole tu, kama huyu aliyepotea ni wa kuzaa au wa kulea, ili wajue turubai litakaa siku ngapi. Mama alikuwa mtu wa kujibu. Siku ile hakujibu, aliendelea kulia, na turubai likakaa siku zilezile ambazo lingekaa kwa ajili yangu. Kando ya kaburi la Baba akaacha nafasi ya urefu wa mtu, na kila alipopalilia kaburi la Baba aliipalilia na ile. Mwezi Machi tulipochimba kaburi lake yeye, tuliiruka nafasi hiyo, tukaenda upande wa pili. Kaka yangu, Krismasi njema.

Ndugu zangu, niruhusuni nitoe neno, maana Mama asingeacha salamu zipite bila neno. Sikukuu hii ni ya mtoto aliyepokelewa. Yusufu alikuwa na kila sababu ya kumwacha Mariamu kwa siri, na desturi ingekuwa upande wake; aliamka usingizini akampokea yeye na mtoto, akamfundisha useremala, akampeleka Misri usiku roho ya mtoto ilipotafutwa. Tunaimba habari za malaika na wachungaji, Yusufu tunampita haraka. Na Yakobo alikwisha andika kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Hakusema kupiga nao picha.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona. Tunapeleka sabuni na mchele kwenye kituo cha watoto siku moja kwa mwaka, na huku binti wa marehemu dada yetu yuko jikoni kwetu, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, shule aliiacha darasa la tano, na wageni wakiuliza tunasema tunamlea. Huko si kulea! Ukimchukua mtoto wa nduguyo, alale wanapolala wako, avae wanachovaa wako, asome wanaposoma wako. Usiwatenganishe waliozaliwa pamoja. Usimfiche habari za wazazi wake, wala usikalie kimya shamba lake likiliwa. Nenda ustawi wa jamii, fuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, watoto wapate ulinzi unaotambulika hata siku utakapofumba macho wewe. Mama hakuwa na karatasi hizo, na tulipata shida zilizotokana na kukosa karatasi. Na wewe usiyeweza kumchukua mtoto, mlipie daftari aliye kwa jirani. Tusingoje kuwa matajiri. Nyumba ile haikuwahi kuwa na akiba ya mwezi.

Mama ameacha watatu wa mwisho, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari. Wengi mmeuliza watakwenda wapi. Ukoo ulikaa, mapendekezo ya kuwagawa yakatolewa, nayo hayakupita. Wanahamia kwa dada yetu wa Muleba wote watatu, na kibanja cha baba yao tutakipalilia kwa zamu.

Tarehe 26 Desemba, baada ya ibada, tutakutana nyumbani kupalilia makaburi, halafu tutakwenda kwenye kibanja hicho. Wanaokuja waje na majembe, chakula kipo. Walio mbali wanaotaka kuchangia sare na madaftari, tafadhali wawasiliane na dada kabla ya mwaka mpya, kwa maana bei za Januari hazina huruma.

Nawatakia tena nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya 2025. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Kamachumu, Desemba 2024