Kizazi kushuka si laana

Mhariri,

Gazeti lenu huandika kuhusu fistula, lile tundu la uzazi linalomfanya mama avujishe mkojo au choo, na ni vyema. Kizazi kushuka, yaani mji wa mimba kuteremka hadi ukeni, hakitajwi. Nimestaafu ukunga huku Mumias, lakini akina mama bado hunijia jioni, wakizungukazunguka na habari za mahindi kabla ya kunong'ona, "Mama, kuna kitu kinatoka huku chini." Mmoja alikuwa amekunja kipande cha leso na kukisukuma ndani ili aweze kubeba mtungi wa lita 20 kutoka kisimani. Wengine huwekewa dawa za miti shamba, wakaja na vidonda.

Si laana, wala si uzinzi kama mama mkwe mmoja alivyodai mbele yangu. Misuli na kano zinazoshikilia kizazi, kibofu na njia ya haja kubwa hulegea. Kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na kukoma hedhi huchangia. Tunawaambia wasibebe kuni majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Basi nani azibebe? Waume wasomao gazeti hili watujibu.

Tiba ipo. Kikishuka kidogo, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia. Kuna pete ya silikoni inayowekwa ukeni kukishikilia, na hutolewa ikasafishwa. Upasuaji upo pia, na si lazima kizazi kiondolewe.

Kliniki za baada ya kujifungua ziwaulize akina mama waziwazi. Mtoto hupimwa, huchanjwa. Mama huulizwa tu kama ananyonyesha.

Mkunga mstaafu,
Mumias