Kwa binamu yangu, kuhusu gita la Walukuba na hilo unalotaka kununua

Ndugu yangu mpendwa,

Ulilisimulia jambo la Walukuba, kule Jinja, jinsi nilivyonunua gita la mama mmoja na kuliuza kwa faida kubwa, mbele ya wageni wa harusi, kwa ustadi wako ule ule ambao tangu utotoni umewachekesha wazee, kisha wiki chache baadaye ukanitumia picha ya gita la umeme na kuniuliza kama linastahili fedha anazotaka muuzaji. Nimeamua kukujibu hapa, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu wewe nawe hukuniita pembeni.

Nianze na picha yako. Muuzaji anasema ni Fender Stratocaster ya 1964, na ninaelewa kwa nini ameuchagua mwaka huo: kampuni ya CBS iliinunua Fender mwezi wa Januari 1965, na wapenzi wa magita ya kale hulipa zaidi kwa yale yaliyotengenezwa kabla ya hapo. Lakini gita la pichani lina kichwa kipana, na Stratocaster hazikupewa kichwa hicho mpaka mwishoni mwa 1965. Basi ama mwaka si huo, ama shingo imetoka kwenye gita jingine. Mwombe afungue skrubu nne za nyuma aitoe shingo, uangalie kama kitakoni pana mhuri wa mwezi na mwaka. Namba iliyochongwa kwenye kibamba cha chuma usiitegemee, kwa kuwa kibamba huhamishwa kutoka gita hadi gita kwa dakika chache tu.

Kisha mwambie afunue bamba la mbele. Vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya vifundo huwa na tarakimu mgongoni: ukiona 137 mwanzoni, vimetengenezwa na kampuni ya CTS, na katika namba kama 1376630, 66 ni mwaka na 30 ni wiki. Hiyo haikuambii gita lilikamilishwa lini. Inakuambia kwamba halikuunganishwa kabla ya wiki hiyo. Tazama pia lehemu inayounganisha nyaya. Ikiwa inang'aa wakati kila kitu kingine kimefifia, kuna mtu aliyepita humo kabla yako. Ndani ya mashimo tafuta rangi ya pili chini ya rangi ya kwanza, ishara kwamba gita lilipakwa upya.

Haya yote niliyafanya Walukuba, nawe ulikuwepo.

Yule mama mwenye gita alikuwa amekwisha kuzipokea fedha zangu, anazifunga kwenye pindo la kanga, wakati wewe, uliyekaa mkekani na kikombe cha chai mkononi, uliposoma kwa sauti kutoka kwenye simu yako bei ambayo Stratocaster ya 1966 iliuzwa huko Marekani, ukaigeuza kuwa shilingi zetu, ukairudia kwa kuwa hakuamini. Mkono wake ukasimama. Akanitazama mimi, si wewe, akauliza, “Mwanangu, ndivyo?” Nikachukua bisibisi. Nilimwonyesha pikapu ya katikati, ile sumaku yenye waya inayonasa sauti ya nyuzi, iliyosukwa upya kwa waya mnene na fundi wa mota, nikamwonyesha rangi ya mafuta ambayo mumewe alilipaka gita zima, ile ile ya milango ya nyumba, na nikamweleza kwamba rangi iliyopakwa upya peke yake huweza kushusha bei hadi karibu nusu. Bei uliyoisoma ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ya gita lile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamaliza kufunga fundo lake, akaenda jikoni akatuandalia chakula.

Chakula kile ndicho siwezi kukusamehe. Ulikula vizuri, ukaomba mchuzi mara ya pili, na njiani kurudi mjini hukusema neno.

Harusini ulisema kwamba nililiuza kwa faida kubwa. Hukusema kwamba fureti zake, vile vyuma vya shingoni, zilikuwa zimelika hata nyuzi zikawa zinavuma, wala kwamba nililipa kusuka upya pikapu ile, wala kwamba lilikaa chini ya kitanda changu msimu mzima bila mnunuzi. Na kama tunapima haki, tupime yote. Mzee mwenyewe, mume wa yule mama, alitusimulia jinsi alivyolipata: mwaka wa 1972, Wahindi walipopewa siku 90 kuondoka Uganda, kijana wa duka moja pale Jinja alimuuzia gita na kasha lake kwa bei ya baiskeli, kwa sababu hakuweza kuondoka nalo. Hakuna aliyekaa mkekani siku ile akasoma bei za Marekani. Sisemi mzee aliiba. Alilipa alichoombwa. Nami nililipa nilichoombwa, tena bila kupunguza hata shilingi, jambo ambalo katika hadithi yako halimo.

Hata hivyo ninakumbuka nani aliyenifundisha kushika nyuzi kwa mara ya kwanza, na ni nani aliyebeba spika ile nzito kutoka stendi usiku wa mvua ili mimi nisilowe. Ndiyo maana nakujibu.

Kuhusu amplifaya anayotaka kukuongezea bure: kama ni ya Kimarekani ya miaka ile, imetengenezwa kwa umeme wa volti 117 au 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 za hapa kwetu utaiunguza. Omba transfoma kwanza.

Muuzaji akikataa kufungua skrubu, ondoka. Akikubali, nitumie picha za mhuri, tarakimu na lehemu, nami nitakuambia bei ya kweli. Usiisome kwa sauti ukiwa bado nyumbani kwake, na kwa shangazi usitaje kwamba ni mimi niliyekupimia.