Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafundi wa Kupaua, Mtwara Mjini

Ndugu wanachama, mafundi wenzangu,

Naanza na mwenzetu aliyeanguka kule Shangani tukiwa tunamalizia kofia, bati la kufunika mgongo wa paa. Bati lilikuwa na umande, na kamba tuliiacha chini. Anaendelea vizuri, lakini mguu bado haumruhusu kupanda ngazi. Matibabu yalilipwa kwa michango yenu. Aliyetupa kazi alitulipa siku tulizofanya, basi. Hatukuwa na mkataba, wala hakuna mwajiri aliyetuandikisha, kwa hiyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hatukuwa na njia ya kuufikia. Jambo hili limeniuma mwaka mzima. Kamati imenunua mikanda na kamba. Kwenye kazi ya chama, asiyejifunga hapandi, awe fundi mkuu au saidia.

Kazi zilikwenda kama tulivyozoea. Baada ya minada ya korosho simu hazikatiki. Aliyelala chini ya makuti miaka yote anataka bati kabla mvua haijachanganya. Ikifika Juni, wengi wetu tuko shambani tunapulizia mikorosho salfa.

Vijana wananiuliza kama ufundi huu una mbele. Unayo, ila tuache kuuza nguvu tupu. Pale Mikindani chumvi ya bahari inalila bati kuanzia lilipokatwa na kwenye matundu ya misumari, na bado tunamwezekea mteja geji 32 bila kumwambia kwamba geji 28 ni nene zaidi. Upepo nao tusiusahau. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitukosa, kikaishukia Cabo Delgado, Msumbiji. Fundi anayejua kuifunga kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, na ukuta isinyanyuke, na kuhesabu mbao na mabati kabla gari halijaenda dukani, analipwa kwa akili yake. Huyo atakula kwa ufundi wake hata magoti yakigoma kupanda.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanampima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Waliokwenda kati yetu ni wachache mno, na kazi za majengo makubwa zinatupita kwa sababu hiyo. Naomba mkutano huu uidhinishe chama kichangie ada, tuanze na masaidia waliokaa nasi muda mrefu.

Daftari la mapato na matumizi liko kwa mweka hazina. Kila mwanachama alipitie kabla hatujapiga kura.