Kuhamisha hifadhidata: jibu lilinganishwe kabla ya malipo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowagusa wanachama wa vyama vya ushirika huku Magharibi mwa Kenya, ambao rekodi zao zinahamishwa kutoka hifadhidata moja hadi nyingine. Wanaotafuta zabuni za kazi hiyo hutwambia kwamba SQL, lugha ya kuipa hifadhidata amri, ni lugha moja, iliyowekewa viwango na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 1986, kwa hivyo amri zilizoandikiwa mfumo wa MySQL zitaingia ule wa PostgreSQL zikiguswaguswa kidogo tu. Viwango vipo, lakini kila mfumo una lahaja yake.

Tofauti za wazi hazinisumbui. Anayetaka mistari kumi ya kwanza huandika LIMIT katika MySQL na TOP katika mfumo mwingine, SQL Server, na akichanganya, mashine humkatalia papo hapo. Ninachohofia ni amri inayokubaliwa pande zote mbili ilhali jibu limebadilika.

Hapa Kakamega nilisaidia chama kimoja cha wafugaji kuhama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Karani aliandika jina, tuseme "wanjala", kwa herufi ndogo, akajibiwa kwamba hakuna mtu huyo, na mwenyewe amesimama dirishani akingoja pesa zake. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, haibagui herufi kubwa na ndogo, lakini PostgreSQL hubagua. Kosa hilo lilijulikana siku ya kwanza, maana mzee hakunyamaza.

La pili lilikawia. Ukigawa lita 45 kwa siku 2, MySQL hutoa 22.5, ila PostgreSQL, ikiwa nambari zote ni kamili, hutoa 22 na kuitupa nusu bila onyo lolote. Tuliligundua pale mama mmoja alipofungua daftari lake lililokunjika kona na kutuonyesha wastani aliokuwa akiupata miezi yote. Dawa yake ni kuigeuza nambari moja iwe ya desimali kabla ya kugawa, na programu za kutafsiri amri, ambazo sizidharau, hazikutukumbusha.

Nawasihi wasimamizi wasilipe kwa kuonyeshwa tu kwamba mfumo mpya unafunguka. Ripoti za mwezi mmoja zitolewe kwenye mifumo yote miwili, zilinganishwe mstari kwa mstari, na mfumo wa zamani usizimwe mpaka kila tofauti ipate maelezo. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba, kabla ya malipo ya kwanza kutoka.

Msomaji wako,
Kakamega