Sigara ya kabla ya chai

Mikindani, Mtwara
14 Novemba

Ndugu yangu Selemani,

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa hapa nyumbani hatujambo na barua yako nimeipata. Hayo uliyoandika, kwamba wewe ni mtu wa hovyo unayeshindwa na kikaratasi chenye tumbaku, yamenisikitisha kuliko pakiti unayoimaliza kila siku, kwa kuwa maneno hayo hayo nilijitamkia miaka mingi, na kila nilipoyatamka niliwasha nyingine.

Mara tatu niliacha kwa kujitukana, na mara tatu nilirudi. Ile ya mwisho unaikumbuka: siku ya tatu, tukisubiri korosho zipimwe ghalani, nilinunua sigara moja, mwenye duka akacheka, "Nilijua utarudi," nami nikamwamini yeye. Sikujua kwamba siku mbili tatu za mwanzo ndipo mwili unapoidai nikotini kwa nguvu zaidi. Nikauita udhaifu wa tabia.

Safari ya nne sikuanza na kuacha. Nilijiahidi jambo dogo tu, kwamba sitavuta kabla ya chai ya asubuhi. Nilikaa barazani, kikombe mkononi, kibiriti nimekiacha ndani juu ya kabati, vidole vikinicheza, nikitazama mitumbwi ikirudi ghubani hadi chai iishe. Wiki ilipokwisha bila ahadi hiyo kuvunjika, nilianza kujiona mtu ambaye neno lake linashika, na juu ya neno hilo nikaweka jingine: sivuti mbele ya watoto, kisha sivuti ghalani, hadi ikabaki sigara ya usiku peke yake, nayo nikaipangia siku ya kuiaga.

Usidhani ilikuwa rahisi. (Wanaosema yatosha kujipenda hawajawahi kukaa na arosto saa nne ya usiku.) Hamu hupanda, hukaa dakika chache, kisha hushuka kama maji ya bamvu, mimi niliisubiri nikitafuna korosho. Harusini Lindi niliteleza nikavuta nusu. Safari hii sikujiita mpumbavu. Niliizima, nikarudi kula pilau, na kesho yake nikaendelea. Leo ni miezi 14.

Ukizidiwa, mwone daktari, wala usione haya.

Nijibu unitajie ahadi yako ya kwanza, na iwe ndogo kiasi cha kukuchekesha unapoiandika.

Wako,
Hamisi