Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Upangaji wa Makala za Chama kwa Mafungu

Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Utendaji na ndugu wanachama,

Hali ya fedha na ada ataisoma Mhazini. Mimi nitaeleza kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, nayo ni kuzipanga kwa mafungu makala zote za wanachama kuhusu mikoa yetu ya Lindi na Mtwara. Awali makala hizo zilihifadhiwa kwa kufuata tarehe ya kupokelewa, utaratibu unaomfaa karani lakini usiomsaidia kitu mwanafunzi anayetaka kusoma habari za mpango wa karanga wa Waingereza uliofika Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951.

Pendekezo la kuzigawa kwa wilaya lilipendwa na wengi, nadhani kwa kuwa kila mmoja alitaka kwao kuonekane. Kamati ililiacha, kwa sababu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 havikufuata mipaka ya wilaya za leo, na habari za korosho za Tandahimba hazitengani na zile za Newala. Tuliutazama pia mfumo wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaoyagawa maarifa yote katika madaraja makuu 10. Mfumo huo ni madhubuti, ila umetungwa kwa maktaba zenye vitabu vya kila namna; kwetu sisi makala nyingi zingesongamana kwenye 967.8, namba ya historia ya Tanzania, na madaraja mengine yangebaki karibu matupu.

Tumekubaliana mafungu 6: historia, kilimo na uvuvi, biashara na bandari, sanaa na desturi, lugha na simulizi, ardhi na viumbe. Kila makala itakaa katika fungu moja tu, nalo litaamuliwa na swali kuu ambalo makala inalijibu, si na kila jambo inalolitaja. Kanuni hii ilipimwa vikali na makala mbili za Tendaguru, mahali ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Ile inayoeleza wanyama wenyewe imewekwa katika ardhi na viumbe, na ile ya wapagazi walioibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi imewekwa katika historia. Anayezitaka zote mbili atazipata kwenye faharasa, chini ya neno Tendaguru.

Faharasa ndiyo iliyotugharimu muda mrefu zaidi. Tulikuta waandishi wakiandika "Majimaji" na "Maji Maji", "korosho" na "mikorosho", hivyo habari za jambo moja zikatawanyika. Sasa kila jambo lina neno moja lililokubaliwa.

Baadhi ya wajumbe waliomba fungu la "Mengineyo". Nililipinga na ningali nalipinga, maana fungu la namna hiyo hujaa kuliko yote na msomaji hapati chochote ndani yake. Makala isiyo na pa kwenda irudishwe kwenye kamati.

Naomba mkutano uidhinishe kwamba fungu jipya lisianzishwe mpaka zipatikane makala zisizopungua 10 zinazolihitaji, na kwamba kila mwandishi apendekeze fungu na maneno ya faharasa yasiyozidi matano anapowasilisha makala, uamuzi wa mwisho ukibaki kwa Katibu.

Mwenyekiti,
Mtwara